Laini ya mwaka 2008 inasomwa kwenye simu mpya ya 4G lakini haishiki 4G: tatizo ni simu au ni laini?

Mwalimu wa Makambako

Ndugu wanajamvi, habari za jioni. Naomba maelezo kutoka kwa wenye ujuzi wa simu na laini, kwa sababu nimepewa ushauri wa aina tatu unaopingana, na ninaogopa kuiharibu namba ambayo mambo yangu mengi yanaitegemea.

Mwezi uliopita nilikwenda Dar es Salaam msibani, na kabla ya kurudi nikanunua Kariakoo simujanja yenye 4G. Siku hizi taarifa za wanafunzi na mitihani ya majaribio hutumwa kwa njia ya intaneti, na simu yangu ya zamani, ambayo mwisho wake ni 3G, ilikuwa ikichukua karibu nusu saa kupakua faili moja. Laini yangu niliinunua mwaka 2008. Ni ya lile umbo la zamani lililo kubwa, kwa hiyo fundi mmoja aliikata kwa kifaa chake ndipo ikaingia kwenye simu mpya. Simu iliisoma mara moja: ninapiga, ninapokea, ujumbe unafika, na salio la fedha ninaliona. Lakini juu ya kioo inaandika 3G au H+ (ambayo nayo ni 3G) tu, hata nikiwa stendi ambako mnara hauko mbali. Mwalimu mwenzangu aliweka laini yake ya mtandao uleule katika simu hiihii, na 4G ikatokea baada ya sekunde chache.

Aliyeniuzia simu ananiambia kwa njia ya simu kwamba nibadilishe mipangilio. Fundi anadai kwamba laini imechoka, na kwamba akiisugua itakaa sawa. Kijana mmoja wa uwakala anasema nibadilishe laini yenyewe, jambo ambalo ndilo linalonitia hofu zaidi, kwa sababu namba hiyo ndiyo iliyo kwenye akaunti ya benki, kwenye kikundi chetu cha akiba na mikopo cha VICOBA na kwa wazazi wa wanafunzi, na mama yangu aliye kijijini anaijua kwa kichwa.

Naomba kuelimishwa. Je, laini iliyoingia vizuri na kusomwa inaweza kweli kuwa haifai kwa 4G? Nikiibadilisha, namba yangu na fedha zangu zitabaki salama? Na ikija 5G huku kwetu, nitalazimika kubadilisha tena?

Kijana wa Mbezi

Dada, ingia kwenye mipangilio, fungua sehemu ya mitandao ya simu, kisha tafuta aina ya mtandao inayopendelewa na uchague ile inayoanza na 4G. Simu yangu ilikuwa na tatizo hilohilo na nililimaliza kwa njia hiyo bila kubadilisha laini.

Mwalimu wa Makambako

Ahsante, mdogo wangu. Nimefanya hivyo sasa hivi, na nimeona jambo la ajabu. Laini yangu ikiwa ndani, sehemu hiyo inaonyesha 3G na 2G peke yake. Nilipoazima tena laini ya mwenzangu, chaguo la 4G likaonekana palepale juu ya mengine. Nikairudisha yangu, likatoweka.

Mstaafu wa Minara

Mwalimu, pole kwa msiba. Nilifanya kazi kwenye mitambo ya simu kwa zaidi ya miaka ishirini kabla ya kustaafu, na hilo uliloliona katika mipangilio limeniondolea shaka karibu yote. Simu yako ni nzima, na laini yako nayo, kwa kazi iliyoundiwa, ni nzima. Kinachokosekana ni programu ndani ya laini, na programu hiyo haiongezwi kwa kusugua wala kwa kukata.

Watu wengi huichukulia laini kuwa kipande cha plastiki chenye namba ya simu ndani yake. Kwa hakika ni kompyuta ndogo, yenye kumbukumbu yake, programu yake, na ufunguo wa siri ambao haupaswi kutoka nje ya kadi hata siku moja. Nakala ya ufunguo huo imehifadhiwa kwenye mitambo ya kampuni ya simu. Laini za kwanza zilitengenezwa mwaka 1991 mjini Munich, kwa ajili ya kampuni moja ya simu ya Finland, na programu yake ilikuwa ya kizazi cha pili, yaani 2G. Viwango vya 3G vilipoandaliwa, ikatungwa programu mpya inayoitwa USIM. Plastiki haikubadilika, wala ile sahani ya rangi ya dhahabu, na ndiyo maana huwezi kuzitofautisha kwa kuzitazama. Kampuni nyingi ziliendelea kuuza laini za programu ya zamani kwa miaka mingi baada ya USIM kuwapo, kwa kuwa wateja wengi walikuwa na simu za kupiga na kutuma ujumbe tu.

Walioandika kanuni za 3G waliwahurumia wenye laini za zamani, wakaruhusu ziingie. Ndiyo sababu wewe unapata 3G mpaka leo. Kwa 4G mlango huo ulifungwa kwa makusudi: kanuni za kimataifa za usalama wa 4G zinasema kwamba laini isiyo na USIM haitaruhusiwa kuingia, na simu yenyewe, ikishaisoma laini na kukosa USIM, haijaribu hata kuutafuta mtandao wa 4G. Simu yako inaficha lile chaguo kwa sababu hiyo. Kumbuka pia kwamba mtandao wa kwanza wa 4G duniani kufunguliwa kwa wateja ulianza Stockholm na Oslo mwezi Desemba 2009. Laini yako ina umri mkubwa kuliko 4G yenyewe.

Naomba niieleze sababu ya kuufunga mlango huo, kwa sababu watu husema kwamba ni mbinu ya kampuni kutuuzia laini upya, na si kweli. Katika utaratibu wa 2G, laini ni kama mgeni anayepiga hodi. Mwenye nyumba anamuuliza, «U nani?», kwa kumpa tarakimu za kubahatisha; laini inazifanyia hesabu kwa ule ufunguo wake wa siri na kurudisha jibu; mtandao nao unafanya hesabu hiyohiyo upande wake, na majibu yakilingana mgeni anakaribishwa. Lakini mgeni hana haki ya kumuuliza mwenye nyumba naye ni nani. Mtu akisimamisha mnara bandia jirani na wewe, laini ya zamani haina njia ya kuutambua. Itamjibu kila anayeuliza. USIM iliziba pengo hilo. Pamoja na swali lake, mtandao sharti ulete uthibitisho ambao usingeweza kutengenezwa na asiyeujua ufunguo wa siri, na kadi huukagua kwanza kabla ya kujibu. Nimetumia nusu ya maisha yangu ya kazi nikihangaikia mambo haya, na ninaamini kwa dhati kwamba kuwafungia 4G wenye laini za uthibitisho wa upande mmoja kulikuwa uamuzi sahihi, hasa kwa watu kama sisi ambao simu ndiyo benki yetu.

Kuhusu namba yako, usiwe na hofu. Namba unayowapa watu haitegemei kile kipande cha plastiki. Ndani ya laini kuna namba nyingine ya utambulisho, ambayo wewe huioni, na kwenye daftari la kampuni imeandikwa kwamba utambulisho fulani ndio wenye namba fulani ya simu. Kubadilisha laini maana yake ni kufuta utambulisho wa zamani katika daftari hilo na kuandika mpya mbele ya namba ileile. Fedha nazo zipo kwenye mitambo, hazimo katika kadi. Kinachopotea ni vile ulivyovihifadhi katika kadi yenyewe, yaani majina ya watu na ujumbe wa zamani, kwa hiyo vihamishie kwenye simu kabla hujaenda.

Kabla hawajakubadilishia, mwombe mhudumu aangalie pia kama 4G imefunguliwa kwenye usajili wa namba yako. Nimekutana na wateja wenye laini nzuri ya USIM ambao huduma hiyo ilikuwa haijafunguliwa upande wa kampuni, na ilirekebishwa bila kugusa laini. Kwako wewe sidhani kuwa ndiyo sababu, maana chaguo lisingefichwa, lakini ni jambo la kuuliza.

Na kuhusu 5G: laini yenye USIM inakubaliwa, hivyo hutalazimishwa. Kuna faida moja kubwa ya kadi zilizotengenezwa kwa kuzingatia 5G, nayo ni uwezo wa kuusimba, yaani kuuficha kwa msimbo, ule utambulisho wako ndani ya kadi kabla haujapita hewani, ambapo katika vizazi vya nyuma kulikuwa na nyakati ulipita wazi. Kwa kuwa unabadilisha sasa, omba kadi mpya kabisa iliyopo dukani, si iliyokaa kwenye droo ya wakala kwa miaka mitatu.

Fundi wa Kariakoo

Mzee wangu ameeleza vizuri sana, na mimi naongeza la upande wa meza ya fundi tu. Mwalimu, tafadhali usirudishe laini iliyokatwa kwenye simu mpya zaidi ya inavyolazimu. Laini ya umbo la zamani ina upana wa milimita 25 kwa 15, na ile ndogo kabisa ya leo ni 12.3 kwa 8.8. Urefu na upana hukatika, lakini kuna kipimo cha tatu ambacho kifaa cha kukatia hakigusi: unene. Laini ya zamani ina unene wa milimita 0.76, na ndogo ina 0.67. Tofauti hiyo haionekani kwa macho, ila inatosha kuifanya laini iingie kwa kubana, na wakati wa kuitoa inaweza kuvuta vile vijipini vya kusomea laini na kuvipinda. Nimezifungua simu nyingi za namna hiyo, na kubadilisha sehemu ya laini kwenye simu ambayo imeunganishwa moja kwa moja na bodi ni kazi ya gharama ambayo mtu angeiepuka kwa kupata laini mpya.

Yapo mengine mawili ambayo watu huyachanganya na tatizo la laini. La kwanza ni simu za laini mbili. Katika simu nyingi za miaka ya nyuma, nafasi moja tu ndiyo yenye 4G na ya pili inaishia 2G, kwa hiyo jaribu kuhamisha laini kabla ya kulaumu chochote. La pili ni masafa ya mawimbi ya redio. Mnara wa 4G unaweza kutumia megahezi 700, 800, 1800 au mengine, na simu iliyotengenezwa kwa ajili ya nchi nyingine inaweza kukosa mojawapo. Masafa ya chini husafiri mbali zaidi, kwa hiyo mara nyingi ndiyo hutumika kuhudumia vijijini; ndipo mtu anapoijaribu simu hapa mjini ikashika 4G, akifika kwao ikagoma. Jaribio lako la kuweka laini ya mwenzako papo hapo Makambako limeyaondoa yote mawili, na ningependa kila mnunuzi alifanye kabla hajatoa fedha.

Mpemba wa Chake

Assalamu alaykum. Samahani kwa kuingilia, lakini suala langu ni la jirani na hili. Dada yangu anayeishi Marekani amenitumia iPhone 14, nami nimeizungusha pande zote nikakosa tundu la kuwekea laini. Je, nimetumiwa simu yenye kasoro?

Fundi wa Kariakoo

Wa alaykum salaam, kaka. Haina kasoro. Kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022, simu za aina hiyo zilizouzwa Marekani hazina tundu la laini. Zinatumia eSIM, yaani laini iliyojengwa ndani ya simu, ambayo kampuni huijaza taarifa zako kwa kawaida kupitia picha ya msimbo unaoelekezewa kamera. Zile zilizouzwa nchi nyingine nyingi zilibaki na tundu. Uliza kwanza kampuni yako kama inatoa eSIM kwa namba uliyo nayo. Muhimu zaidi, mwombe dada yako ahakikishe kwamba simu haijafungwa kwa mtandao wa huko, kwa sababu simu iliyochukuliwa kwa malipo ya awamu mara nyingi hubaki imefungwa mpaka deni liishe, na hapo hakuna laini ya hapa, ya plastiki wala ya ndani, itakayofanya kazi. Kwenye iPhone, hilo huonekana katika mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, palipoandikwa juu ya kufungwa kwa mtandao.

Wakala wa Njombe

Mwalimu, mimi ni jirani yako, na kazi yangu ya kila siku ni hii ya laini na fedha. Naomba nikutayarishe kwa safari ya dukani, maana ninawaona wateja wakirudi nyumbani bila huduma kwa mambo ambayo wangeyajua mapema.

Kwanza, hakikisha laini imesajiliwa kwa jina lako. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Laini za miaka ile zilisajiliwa kwa majina ya waume, kaka, hata wenye maduka, na ingawa usajili wa alama za vidole ulioanza mwaka 2019 ulisafisha mengi, bado ninakutana na akina mama wanaotumia namba kwa miaka kumi huku mwenye namba kisheria akiwa mtu mwingine. Kama ndivyo ilivyo, mwenye jina ndiye anayepaswa kufika, na si ajabu akawa ni mtu mliyekwisha kuachana naye au aliyefariki. Jambo hili linaniuma kila ninapoliona.

Pili, usiende siku ambayo unatakiwa kulipa mtu kwa simu. Toa fedha taslimu za kutosha siku moja au mbili, kwa sababu baada ya kubadilisha laini huduma za fedha na za benki zinaweza kusimama kwa muda kwa ajili ya ulinzi. Ikumbuke namba yako ya siri, na usimtajie mhudumu hata akikuuliza kwa upole; kazi ya kubadilisha laini haihitaji namba ya siri ya fedha.

Tatu, na hili ninaliandika kwa wote wanaosoma: akikupigia mtu akisema kwamba anakuboreshea laini kwenda 4G na kwamba umsomee tarakimu zilizoingia kwa ujumbe, kata simu. Anayefanikiwa kuhamisha namba yako kwenye laini yake anapokea ujumbe wote wa benki yako. Ikitokea laini yako imepoteza mtandao ghafla wakati simu za wenzako wa mtandao huohuo zinafanya kazi, nawe hukuomba mabadiliko yoyote, nenda dukani saa hiyohiyo, usingoje asubuhi.

Mwalimu wa Makambako

Ndugu zangu, nimerudi kutoa mrejesho. Nilihamisha majina kwenye simu jana usiku, yalikuwa 211, nikapiga *106# na kukuta namba ni yangu, kisha leo baada ya vipindi nikaenda duka la huduma kwa wateja. Kwa ushauri wa Mstaafu niliomba kwanza usajili uangaliwe. Dada wa kaunta akaniambia kwamba 4G upande wao iko wazi, ila kadi yangu ni ya mfululizo wa zamani usio na USIM.

Kilichonichelewesha ni vidole. Mashine ilikataa alama zangu mara tano, nadhani kwa sababu ya chaki na jembe, mpaka dada yule akanipa kitambaa chenye maji, nikaosha na kukausha, na kidole cha kati cha mkono wa kushoto kikakubali. Baada ya hapo laini ya zamani ilikata mtandao, na kama dakika ishirini baadaye mpya ikaamka. 4G iliandika yenyewe bila mimi kugusa mipangilio. Huduma ya fedha ilirudi jioni, salio likiwa kamili na namba ya siri ileile. Faili la mitihani limeshuka nikiwa bado ninatafuta miwani.

Nina mambo mawili yaliyobaki. Nikipiga au kupokea simu, alama ya 4G inageuka kuwa 3G na inarudi baada ya maongezi: je, hiyo ni dalili ya laini kuwa na kasoro? La pili ni la mama yangu. Anatumia kitochi, ile simu ndogo ya vitufe, chenye laini ya mwaka uleule kama yangu. Je, nimpeleke naye akabadilishe?

Mstaafu wa Minara

Hongera, Mwalimu. Kugeuka huko si kasoro. 4G ilijengwa kwa ajili ya intaneti, na sauti kupitia 4G ni huduma ya ziada inayoitwa VoLTE, ambayo inahitaji simu na kampuni zote mbili ziiunge mkono. Isipokuwapo, simu hushuka hadi 3G au 2G kwa muda wa maongezi kisha hupanda tena. Angalia katika mipangilio kama kuna kitufe cha VoLTE. Kikiwapo, kiwashe ujaribu.

Kuhusu mama, usimsumbue kwa sababu ya 4G. Kitochi cha 2G hakitapata kasi yoyote kwa laini mpya, na safari, foleni na mashine ya vidole kwa mtu mzima ni mzigo. Akija kuhitaji kubadilisha kwa sababu nyingine, kama laini kupotea au kukataa kusomwa, kadi mpya za USIM kwa kawaida hubeba pia programu ya 2G, kwa hiyo kitochi kitaisoma. Hiyo siku mwambieni mhudumu asiivunje kadi hadi ile ndogo kabisa. Laini za siku hizi hutolewa zikiwa zimechongwa maumbo matatu, moja ndani ya jingine, na kitochi chake kitahitaji lile la nje. Kama la kwako ulilopewa leo bado lina fremu yake ya plastiki, ihifadhi pamoja na pini ya simu, kwa maana siku simu yako ikienda kwa fundi utataka kuiweka laini hiyo kwenye kitochi cha akiba.

Mwalimu wa Makambako

Fremu ipo, ilikuwa bado ndani ya bahasha ya dukani. Nimeifunga kwa utepe pamoja na pini. Mungu awabariki wote mlionijibu.